Pipa la Dada Sofia na Sauti ya Tarumbeta

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Majengo ananishika mkono na kuniuliza: "Eti ulifunga safari kutoka Songea mpaka Kariakoo kumfuata mtu anayetafsiri picha za ngumi?" Nimejibu mara nyingi, na nimegundua kuwa kila nikisimulia upya hadithi inazidi kunipendelea. Naiandika sasa, kabla sijageuka shujaa kabisa.

Kijijini: pipa la bluu

Dada yangu Sofia anaishi kijijini, mwendo wa nusu siku kwa pikipiki kutoka mjini. Miaka ya nyuma walipita huko watu wa kutoboa ardhi kutafuta urani. Walitoboa, wakaandika wanayoyajua wao, wakaondoka. Muda mrefu baadaye akapita mchuuzi na pikapu iliyojaa mapipa ya bluu yenye vifuniko. Alipoulizwa yametoka wapi, alisema "kambini", kwa sauti ile ile ambayo wengine husema "Ulaya". Huenda alidanganya ili auze. Huenda yalikuwa mapipa ya mafuta ya kula. Dada alinunua moja, na tangu hapo ndimo yanamokaa maji ya kunywa, ya kupikia, na ya kuwaogesha wajukuu zake watatu.

Mimi ndiye msomi wa ukoo wetu. Maana yake ni kwamba watu hunitafuta kukiwa na fomu ya kujaza, na vinginevyo hakuna anayenisikiliza. Mwaka huu rafiki yangu wa zamani alinipa, kwenye fleshi, filamu moja ya kweli kuhusu watu wa kisiwa fulani cha mbali ambako mataifa makubwa yaliwahi kujaribu mabomu ya nyuklia. Niliitazama peke yangu, nikaanza kuliwaza lile pipa. Nikakaa wiki tatu nikitafsiri maneno yote ya filamu ile kwa Kiswahili safi. Zikatoka kurasa arobaini na tatu. Nikabeba kompyuta na kurasa zangu mpaka kwa dada.

Nilimsomea huku picha zikipita. Ukurasa wa sita alikuwa amelala. Alipoamka alikunywa maji kikombe kizima, kutoka pipani, mbele yangu.

"Mdogo wangu," akasema, "haya maji hayanuki, hayana ladha, hayana rangi. Sasa kitakachoniua ni nini? Hizo karatasi zako?"

"Ndiyo ubaya wake, dada. Hakionekani."

"Basi mie picha isiyotafsiriwa na Tarumbeta siielewi. Midomo inacheza tu. Akiniambia Tarumbeta, nitasikia."

Alikuwa anatania. DJ Tarumbeta ni mmoja wa wale wanaotia sauti za Kiswahili juu ya filamu za nje, zikaonyeshwa kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya video, nchi nzima. Kibanda cha kijijini kwa dada hakionyeshi kingine. Yeye alitania, mimi nikalichukua neno lake kama sharti la mahari. Nikaenda kumtafuta Tarumbeta.

Songea hadi Mbezi: steringi hafi

Basi liliondoka alfajiri. Njombe nilitetemeka kwa baridi, Makambako nilikula ugali na maharage nikiwa nimesimama, na kwenye kona za mlima Kitonga tukakwama. Lori lilikuwa limelala mbele yetu, limeziba njia. Dereva akatutangazia kuwa anayetaka kushuka kunyoosha miguu ashuke.

Hakushuka mtu. Kwenye televisheni ya basi kijana mmoja wa Kichina alikuwa amefungiwa ndani ya kisima, maji yanampanda shingoni, na juu ya mayowe yake ilinguruma sauti nene: "Dogo Hamisi kaingia choo cha kike! Lakini tulieni, watazamaji, tulieni!"

"Tarumbeta huyo," akasema jirani yangu, mzee wa Mbinga aliyepakata begi lake la kahawa kama mtoto mchanga.

"Dogo Hamisi ndiyo jina la huyo Mchina?"

Alinitazama kwa huruma. "Jina lake la kwao utalishika wewe? Tarumbeta anawapa majina ili tuwajue."

"Na atatoka kisimani?"

"Wewe bwana! Si ndiye steringi? Steringi hafi."

Nimesoma chuo kikuu, nimeandika insha kadhaa kuhusu sanaa ya masimulizi, na sikuwahi kuisikia kanuni hiyo ikisemwa kwa maneno mawili. Tulikaa Kitonga saa tatu. Dogo Hamisi alitoka kisimani kabla lori halijaondolewa, abiria wakapiga makofi, na mwisho wa picha ile sauti ikasema anapatikana Kariakoo, mtaa wa Msimbazi, ghorofa ya nne, juu ya maduka ya makava ya simu. Nikaandika nyuma ya ukurasa wa kwanza. Ndiyo mara ya kwanza zile kurasa kuwa na faida.

Posta: kiyoyozi na onyo

Nilifika Dar nimevaa sweta. Jambo hilo Bongo huwafurahisha watu sana. Mchikichini, nilikokwenda kujitafutia shati la mtumba, muuzaji aliniita "mzee wa barafu" na kunichagulia shati lenye picha za minazi, akaapa kuwa linanirudishia ujana. Ndilo nililovaa kwenda Posta kumwona Neema.

Neema nilisoma naye. Yeye alichukua fizikia, mimi nikachukua mambo ya kueleza kwa nini sijachukua fizikia. Sasa ana ofisi yenye kiyoyozi kikali kiasi kwamba nililikumbuka sweta langu kwa uchungu. Nilimweleza habari ya pipa, filamu na Tarumbeta. Hakucheka. Akaniuliza swali moja tu.

"Umelipima?"

"Ningelipima kwa kitu gani? Kwa rula?"

"Basi hujui. Pipa linaweza kuwa safi kuliko kikombe hiki. Filamu yako ni ya watu walioangukiwa na majivu ya bomu. Hilo ni jambo lingine kabisa na pipa la mchuuzi. Usije ukamtisha dada yako kwa uongo."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli. Chombo usichojua kimebeba nini, hukiwekei maji ya kunywa mpaka kipimwe. Basi. Hayo hayahitaji kurasa arobaini."

"Arobaini na tatu."

Aliahidi kumtafuta mtu wa vipimo. Niliteremka ngazi nikiwa mdogo kidogo, kama kawaida yangu nikitoka kuongea na wanaojua kitu. Lakini sasa udadisi ulinikaa vibaya. Kama mtaalamu anaweza kuyasema kwa sentensi moja, kwa nini sentensi hiyo haimwingii dada?

Msimbazi: siku tatu za kumsubiri

Siku ya kwanza mlango wa ghorofa ya nne ulikuwa na kufuli. Ilikuwa siku ya watani wa jadi, na niliambiwa Tarumbeta hafanyi kazi siku ya mechi. Nusu ya mtaa ilivaa nyekundu, nusu kijani. Minazi yangu ikatiliwa shaka na pande zote mbili.

Siku ya pili timu yake ilikuwa imefungwa. Hafanyi kazi pia.

Siku ya tatu alifika, tukapanda ngazi pamoja mpaka mlangoni, umeme ukakatika. Alishuka bila hata kunisalimia vizuri.

Siku hizo nilizimalizia kwa Mama Tunu, mama lishe mwenye meza mbili kwenye kichochoro cha nyuma, jirani na mashine za kusaga viungo. Wali wake na kisamvu cha nazi ndivyo vilivyonifanya nisirudi Songea. Alipojua nimetoka wapi alipiga kofi moja kubwa.

"Mngoni! Mtani wangu! Mie Mndengereko. Leo sina panya, kitoweo chenu, utakula samaki?"

"Samaki si mbaya, kama panya wote mmewamaliza nyie."

"Haya, kaa. Lakini usikae upande huo."

Nilikaa upande huo. Nilidhani ananifanyia utani. Dakika moja baadaye mashine ikawashwa, na mtu wa mashine akamimina gunia la pilipili kavu. Sikuona kitu hewani, hata chembe. Lakini koo liliwasha, macho yakamwaga machozi, nikapiga chafya mpaka wali ukaruka. Mama Tunu alicheka mpaka akashika meza.

"Nilikwambia! Ile haionekani, inakufuata tu. Mie nilipoanza hapa nilikuwa na Tunu mchanga. Narudi nyumbani, nanawa mikono, nambeba mtoto analia macho. Namwosha, analia. Kumbe iko kwenye kanga. Ikabidi niwe nabadilisha nguo mlangoni, kama mwizi."

Nilicheka naye, nikaomba maji. Sikujua kama nimepewa kitu.

Ghorofa ya nne

Siku ya nne kila kitu kikakubali. Tarumbeta ni wa rika langu, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi. Nilitegemea mtu mwenye kifua. Sauti ile inatoka wapi sijui mpaka leo. Studio yake ni chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani, na licha ya magodoro hayo kelele za Msimbazi bado zinapenya, honi moja moja.

Nilimweleza habari ya dada na pipa lake. Alizipima kurasa zangu mkononi kama mtu anayepima samaki.

"Profesa, hii ni hotuba ya mgeni rasmi." Akaziweka chini ya kikombe chake cha chai. "Niambie mambo mawili tu. Steringi nani?"

"Hakuna steringi. Ni filamu ya kweli."

"Adui je?"

"Adui haonekani."

"Steringi hakuna, adui haonekani. Umenisafirishia pilau isiyo na mchele wala nyama." Alikaa kwenye kiti. "Haya. Weka."

"Hutaitazama kwanza?"

"Mie sitazami kwanza. Nikishaijua, mshangao wangu unakuwa wa uongo, na watu wa vibandani wanaunusa uongo. Naona wanapoona wao."

Ndivyo anavyofanya kazi tangu enzi za kanda. Mara moja, bila kurudia.

Picha ikaanza. Mwanamke mzee wa kisiwani amekaa mlangoni kwake anakuna nazi, anacheka na mtu asiyeonekana. Tarumbeta akasogea mbele. "Huyu hapa! Bi Mkubwa, mtoto wa pwani! Muone anavyokuna nazi, utadhani yuko Kilwa!" Akaniangalia pembeni, akatikisa kichwa kwa furaha. Steringi kapatikana.

Jenerali akaitwa Kamanda Chuma. Wataalamu wenye makoti meupe wakawa mafundi mitambo. Nilivumilia. Nilipata hata raha, na naona aibu kuiandika. Kisha likapasuka bomu, wingu likainuka baharini, na Tarumbeta akanguruma: "Limetoka! Jini lisiloonekana limetoka chupani!"

Nikabonyeza kitufe, nikasimamisha kila kitu. Kwa jicho lake niliona kuwa hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo.

"Samahani, kaka. Si jini."

"Haionekani, inaua. Ni nini kama si jini?"

"Dada yangu akisikia jini, kesho yake anaita mganga. Pipa litafukizwa ubani, litasomewa, na maji yatarudi humo humo. Nitakuwa nimesafiri kilomita zote hizi kulitakasa pipa."

Alifikiri. Hakukasirika, bali alionekana kama fundi aliyeambiwa ufunguo wake si saizi.

"Sasa niite nini?"

"Mnururisho, yaani mionzi," nikaanza, "ni nishati ambayo..."

Akanyoosha mkono, taratibu, kunizuia. Wakati huo Mama Tunu alikuwa amesimama mlangoni na sahani zetu za mchana, anasubiri aingie.

"Kwani hicho kitu kikoje?" akauliza.

Nikamweleza. Hakionekani, kinaanguka kama vumbi, kinakaa kwenye nguo, kwenye maji, kwenye chakula, unakipeleka nyumbani bila kujua, anakipata mtoto.

"Si kama pilipili ya hapo chini?"

"Pilipili inawasha papo hapo, Mama Tunu," akasema Tarumbeta. "Ndiyo maana tunakimbia."

"Basi hii haiwashi leo. Inawasha baada ya miaka. Kuleni, wali unapoa."

Akaweka sahani juu ya kurasa zangu. Wiki tatu za kutafsiri nazo zikafunikwa na bakuli la kisamvu.

Tulipomaliza kula tukarudia kuanzia kwenye wingu. Unga mweupe ukaanza kuanguka kisiwani. Watoto wakatoka nje kuudaka kwa viganja, wakijipaka, wakicheka. Tarumbeta hakunguruma. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema kama mtu anayezungumza na jirani. "Watazamaji, ile ni pilipili isiyowasha leo. Na hakuna aliyewaambia wale watoto wasikae upande huo."

Mimi, kwa Mama Tunu, niliambiwa, na bado nilikaa upande huo.

Bi Mkubwa akahamishwa kisiwa. Akaambiwa kwake kumeshakuwa salama, akarudi, akapanda minazi upya. Akahamishwa tena. Kila akitokea, Tarumbeta alimshangilia kama anavyomshangilia Dogo Hamisi. Alipoonyeshwa kitandani hospitalini, amekonda, akawatuliza watu wake: "Tulieni, tulieni. Steringi hafi."

Na mimi nilijua. Ilikuwa ukurasa wa arobaini na moja, chini ya sahani yangu. Ningeweza kusimamisha tena. Sikusimamisha, na sababu yake si nzuri: nilitaka kuona atafanya nini.

Kiti kikatokea, kitupu, mlangoni pake, mbuzi wa kukunia nazi kando. Kisha maandishi meupe kwa Kiingereza: alifariki kabla filamu hii haijakamilika. Tarumbeta aliyasoma polepole, midomo ikicheza. Akafungua kinywa.

Hakikutoka kitu. Mashine ilikuwa inaendelea kurekodi. Chini mtaani honi ikapigwa, mtu akamwita mtu, mawimbi ya kisiwani yakaja na kurudi mbele ya kile kiti. Niliuendea ule mtambo niuzime, akanishika mkono. Tukakaa hivyo, watu wazima wawili tumeshikana mikono, mpaka picha ikaisha yenyewe.

"Wewe ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Nimewaambia watu hafi."

"Tunaweza kurudia pale, kaka. Tukate."

Alivua miwani, akaufungua uzi wake na kuufunga upya, kazi ya muda mrefu. "Turudie tuwaambie nini? Mie maisha yangu yote nimewaambia watu steringi hafi. Mmoja wao huyo dada yako, anakunywa maji. Acha hivyo hivyo."

Nikaacha. Alinisindikiza mpaka mtaani, jambo ambalo Mama Tunu alisema hajawahi kuliona, na nikaondoka na fleshi mfukoni. Kurasa zilibaki. Nadhani Mama Tunu anafungia vitumbua.

Kurudi: ghala la mahindi

Safari ya kurudi haina la kusimulia isipokuwa kwamba Kitonga tulipita bila kusimama, na nilisikitika.

Tuliionyesha filamu mchana, kwenye ghala la mahindi la kijiji, tumeziba madirisha kwa magunia. Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mwenye kibanda alitangaza tu "Tarumbeta mpya" na hakusema zaidi. Walimcheka Kamanda Chuma. Walimpenda Bi Mkubwa. Kwenye unga mweupe wakanyamaza, na mama mmoja akasema kwa nguvu, "Watoeni hao watoto!"

Dada Sofia alikaa mbele, mjukuu mdogo mapajani. Sikumwona uso. Niliiona kanga yake tu, na mkono ukimpapasa mtoto kichwani, unakwenda, unarudi.

Kile kiti kikatokea. Sauti ikakatika.

"Mashine imeharibika!" mtu akapiga kelele nyuma. "Rudisha! DJ kakatika!"

"Nyamazeni," akasema dada, bila kugeuka. Mkono wake ulikuwa umesimama. "Hajakatika. Steringi kafa."

Ghala zima likasikiliza mawimbi. Yalipokwisha nikasimama nikasema maneno ya Neema, yale machache: kwamba hakuna anayejua yale mapipa yalibeba nini, kwamba huenda ni safi kabisa, na kwamba yasitiwe maji mpaka yapimwe. Nilitumia dakika moja. Hakulala mtu.

Siku ile dada alipakua chakula, akaniuliza habari za bei ya nazi Dar, akaenda kulala. Mtu wa vipimo ameahidi kuja. Naandika haya na bado hajafika.

Asubuhi ya kesho yake nilitoka nje nikalikuta pipa limepinduliwa kando ya uzio, mdomo chini. Dada alikuwa anatoka bombani, ndoo kichwani, wajukuu nyuma yake kila mmoja na kidumu chake, maji yakiwamwagikia miguuni. Bomba liko mbali, na mlima ule naufahamu. Alitua ndoo, akajifuta shingo, akaniona ninavyomtazama.

"Usinitazame hivyo. Sijasema nimeamini. Nimesema lipimwe."

"Sijasema kitu, dada."

"Haya." Alishaanza kuingia ndani, kisha akageuka mlangoni, akaliangalia pipa. Kuku wake alikuwa ametua juu yake, anajiandaa kuota jua.

"Na huyo kuku," akasema, "mtoe hapo juu."